Sisi Tuliomla Kapteni

Mtoto wa marehemu kaka yangu, Eugenia, ameandika kitabu cha historia ya ukoo wetu, na ndani ya kitabu hicho baba yangu ana shamba la ekari elfu mbili, nyumba yenye nguzo nyeupe, na watumwa arobaini wanaompenda. Mimi nilizaliwa katika nyumba hiyo. Ilikuwa na vyumba viwili na upenyo katikati walikolala mbwa, na nguzo pekee niliyowahi kuiona ni ile ya kufungia ng'ombe. Baba, Asahel Crumley, alilima mahindi kwenye mteremko wa mawe huku Alabama ya kaskazini, na mvua kubwa ikinyesha alikwenda bondeni kuufuata udongo wake na ndoo. Mtumwa hakuwa naye hata mmoja. Eugenia akisikia hivyo husema basi babu yake alikuwa mtu wa haki. Haki gani? Alikuwa fukara. Angepata uwezo sijui angefanya nini, na namshukuru Mungu hakuupata.

Nasema haya mapema ili mjue kwamba mimi sipakwi mafuta kwa mgongo wa chupa. Naitwa Arminda. Nina miaka sitini na miwili, kwa mujibu wa kila mtu sijawahi kuolewa, na miguu yangu imevimba mpaka viatu nimeviacha chini ya kitanda vikae na panya. Daktari anasema ni moyo, umechoka kusukuma maji, na Krismasi nisiitegemee sana. Kufa siogopi. Nilichokuwa nakiogopa ni mahali pa kulazwa.

Makaburi yetu yako kwenye kilima nyuma ya kanisa la Ebenezer. Udongo ni wa juu juu, chini ni mwamba mtupu, na sururu ikiugusa hutoa cheche. Kwa sababu hiyo watu wa pale tuna desturi yetu tangu zamani: mume na mke hulazwa shimo moja, jeneza juu ya jeneza, shimo likiwa na kina cha kutosha. Asiye na mume hutafutiwa upenyo, na siku hizi upenyo umekwisha. Wanawake wa aina yangu wanapelekwa makaburi ya mjini, maili kumi na mbili, wakalale na watu wasiojua hata majina yao.

Mama yangu, Mahala, alifariki Februari ya mwaka 1873. Sururu iligonga mwamba kabla shimo halijafika kiunoni, kwa hiyo alilazwa kwenye kina kifupi, peke yake. Baba alilia siku tatu, na Agosti akaoa. Yule mke wa pili alipofariki, shimo lake likapatikana refu ajabu, na baba alipomfuata akawekwa juu yake kama desturi inavyotaka. Wako upande wa pili wa kilima, wamebanana. Mama ana jirani mmoja tu, na kati yake na ukuta wa mawe hakuna mwingine. Jirani huyo ni Kapteni Lucian Crumley, shujaa wa ukoo.

Nilimuuguza mama karibu miaka saba. Alikuwa mwanamke mkali, mwenye ulimi, asiyeogopa nyoka wala wanajeshi, lakini mwishoni upweke ulimtia hofu kama mtoto. Siku moja mchana alinishika mkono, akatazama dirishani upande wa kilima, akaniambia, "Arminda, usije ukaniacha pale na huyo peke yake. Huyo hata si mtu."

Nikamwapia kwamba nitakuja kulala ubavuni mwake. Na mama hakuwa anaweweseka. Alikuwa anasema kweli tupu, maana Kapteni Lucian Crumley alikuwa nguruwe wetu.

Mwaka 1864 jeshi letu la Kusini lilipita kuchukua sehemu ya kumi ya kila kitu kwa ajili ya vita, na hesabu zao zilikuwa mbovu, kwani sehemu ya kumi ilikaribia nusu. Wiki mbili baadaye likaja jeshi la Kaskazini kuchukua yaliyobaki, kwa adabu zaidi na kwa magunia makubwa zaidi. Kilichosalia kwetu ni Lucian, dume lililohasiwa, zito kuliko mhubiri wetu, ambalo baba alilificha korongoni. Jina alipewa na mama. Sababu hakuisema, ingawa nasikia kuna bwana wa jina hilo aliyewahi kumposa kabla ya baba.

Baridi ilipokaza baba akamchinja, akamtia chumvi. Kumchinja ilikuwa rahisi. Tatizo lilikuwa pa kumweka, kwa sababu wanajeshi wa siku zile walichoma sakafu kwa visu, walishuka visimani, walipekua hadi magodoro ya wagonjwa. Baba akawaza siku mbili, kisha akachonga jeneza. Akalijaza mapaja, mabega na mbavu, vyote vimeviringishwa kwenye magunia yenye majivu, akatangaza kwamba mpwa wake kutoka Georgia, kijana mmoja anaitwa Lucian, amefika alfajiri kwa miguu na amekufa kwa ndui kabla ya saa sita.

Ndui ndiyo iliyokuwa akili yenyewe. Hakuna aliyetaka kumuaga marehemu. Majirani walisimama mbali, pua ndani ya vitambaa, na mhubiri aliomba akiwa nje ya ukuta. Mjane mmoja, ambaye mwanawe alikuwa ameshauawa vitani, alileta koti la huyo mwanawe ili mpwa wa Asahel asizikwe bila nguo ya heshima. Baba alilipokea kwa mikono miwili, uso umempauka. Mama alilia machozi ya kweli, kwani chumvi yetu yote ya mwaka ilikuwa inashuka shimoni. Juu pakasimamishwa ubao: LUCIAN CRUMLEY, NDUI, 1864. Wanajeshi walifika mara mbili baada ya hapo, wakausoma, wakaondoka kwa mwendo ambao sijauona tena kwa watu walioshiba.

Tulimla kuanzia Januari hadi Aprili. Baba alikwenda kila Alhamisi asubuhi na koleo chini ya koti na Biblia juu ya koti, akarudi na Biblia juu na mpwa wake chini. Watu walimsifu sana kwa kumwombea marehemu.

Vita vilipokwisha angeweza kusema. Lakini majirani walikuwa wamelala njaa majira yale yale tuliyokuwa tukilamba vidole, na yule mjane alikuwa anapita kaburini na maua kwa ajili ya koti lake. Baba alikuwa na uso mkavu, ila haukukauka kiasi hicho. Akanyamaza, nasi tukanyamaza.

Sasa, kwetu Jumapili ya tatu ya Mei ni siku ya kupamba makaburi. Tunaparua majani yote mpaka udongo unabaki uchi, tunaukusanya kwenye tuta, tunaweka maua ya karatasi yaliyochovywa kwenye nta, kisha tunakula. Mbao zilizooza huandikwa upya, na hapo ndipo Lucian alipoanza kupanda cheo. Kaka yangu Lemuel alikuwa amerudi vitani na kiatu kimoja, hana hata kisa kimoja cha kusimulia, akaona ndui ni aibu kwa ukoo. Akaifuta, akaandika ASKARI. Ubao ulipooza tena ukaandikwa SAJENTI. Kisha shemeji mmoja mwenye mkono mzuri wa rangi akampa uluteni, kwa kuwa nafasi ilibaki kwenye ubao. Eugenia naye, alipoingia kwenye chama cha akina mama wanaotunza kumbukumbu za wanajeshi, akamfanya kapteni na kumuua kwenye mapigano ya Shiloh. Mapigano ya Shiloh yalikuwa mwaka 1862 na ubao unasema 1864. Hakuna aliyewahi kuuliza alikuwa wapi katikati.

Aliyejua siri hii nje ya nyumba yetu alikuwa mtu mmoja, Enos Standifer, mtengeneza viti. Majira yale ya baridi alikuwa na miaka ishirini, amejificha msituni ili asipelekwe vitani. Alisema vita vile ni vya watu wanaomiliki watu, na yeye anamiliki mbwa. Ndiye aliyemsaidia baba kuchimba, wakabahatika kupata ufa kwenye mwamba na shimo likapita kiuno, na mgao wake wa kapteni aliupata. Amani ilipokuja aliniomba nifuatane naye. Nilimwambia asubiri mama apone. Alisubiri miaka minne, kisha akamwoa Tempe Gilreath, nami nilikwenda harusini nikala keki. Tempe ni marehemu sasa, miaka mitatu. Mimi na Enos tumesalimiana uwanjani pa kanisa kwa miaka karibu arobaini: yeye huinua kofia, mimi huinamisha kichwa, basi, kila mtu anashika njia yake.

Ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka Aprili hii, Eugenia alipotangaza kwamba chama chake kimemwagizia Kapteni jiwe la marumaru. Lina upanga na mti wa huzuni, na litazungushiwa uzio wa chuma kuanzia kichwani hadi miguuni, mpaka usawa wa kaburi la mama. Wangelisimamisha siku ya kupamba. Baada ya hapo asingechimba mtu pale mpaka siku ya parapanda.

Nikamwomba kijana wa gari la maziwa anishushe mjini kwa Eugenia. Alinipokea vizuri, kanipa chai, kaniwekea mto mgongoni. Si mtu mbaya, ni mtu wa kupanga wengine tu.

"Eugenia, mwanangu," nikamwambia, "yule ni nguruwe."

"Nani, Shangazi?"

"Kapteni."

Akaweka kikombe chini. Akaniuliza kama nimekunywa dawa za asubuhi. Nikamsimulia yote, jeneza, majivu, koti, Alhamisi, na yeye akanisikiliza kwa ule uso ambao watu wazima humwekea mtu aliyevaa nguo nje ndani. Nilipomaliza akainuka, akafunga mlango wa jikoni ili mtumishi asisikie.

"Haya Shangazi, tuseme ni kweli. Tuseme tu. Kitabu kishapigwa chapa nusu. Sasa mimi nikawaambie nini wale akina mama wenzangu? Kwamba miaka kumi na moja tunamlilia nguruwe?"

Nikamwambia walilia vizuri, hakuna aliyewalaumu. Hakucheka. Nikamweleza kwamba kitabu chake sina haja nacho, ampe Kapteni hata ujenerali akitaka, mimi nataka ule udongo tu, nimemwapia mama yangu. Sauti ilinikatika nikiwa namwambia hivyo, na nikajichukia, maana sikuja kulia kwenye vikombe vyake.

Akanishika bega. Akasema pale ni pa shujaa, na si yeye peke yake anayeamua, jiwe limechangiwa na wilaya nzima. Kapteni angekuwa ameacha mke, huyo mke angelala naye kwa desturi ya kilima na mtu asingetia neno. Lakini hakuacha mke. Mimi nimeshatafutiwa mahali pazuri mjini, pana kivuli, na njia ya zege. Kesho yake asubuhi akanitumia daktari anipime akili.

Mhubiri nilimwendea pia. Aliniambia kufukua kaburi la mwanajeshi ni dhambi, na kulifukua kwa ajili ya kutafuta nyama ni dhambi isiyo na jina. Nilirudi nyumbani nikaketi kwenye ngazi na nikalia kwa hasira mpaka kuku wakasogea kuniangalia.

Ikafika Jumapili yenyewe. Walinipandisha kilimani kwa gari la nyumbu, wakanikalisha kwenye benchi la mbele, kwa heshima ya uzee. Chini ya mialoni meza zilikuwa zimejaa: kuku wa kukaanga, maharage, mkate wa mahindi, pai za kila aina. Akina mama wa chama walivaa tepe begani. Jiwe lilikuwa limelala kando ya kaburi la Kapteni, limefunikwa shuka, na wanaume wanne walisimama tayari na kamba. Upande wa pili wa tuta lile, hatua moja tu, mama.

Jaji Tolliver alihutubia saa nzima na dakika. Alimpandisha Kapteni farasi mweupe, akampiga risasi tatu, akamwacha aseme maneno marefu kabla ya kukata roho. Mwisho akashusha sauti. Akasema huzuni yake moja ni kwamba shujaa huyu hakuacha mjane, na leo hakuna mkono wa upendo wa kuweka ua la kwanza. Eugenia akajifuta machozi. Wale wanaume wanne wakainama kushika kamba.

Mimi nilikuwa natazama tuta la mama. Sikupanga kitu, naapa. Nilijisikia tu nimeshasema.

"Mjane yupo."

Jaji akageuka. Watu wakanyoosha shingo. Wale wa kamba wakabaki wameinama.

"Yupo," nikasema tena. "Ni mimi."

Eugenia alinifikia kabla mtu mwingine hajapata pumzi. Akainama kama anayenitengenezea shali. "Shangazi, unafanya nini wewe?" akaninong'oneza. Nikamjibu kwa sauti ile ile ya chini kwamba nampa mjane, na kama hamtaki, nina habari nyingine ya kuwapa watu hawa, nayo ina chumvi.

Niliona anavyopima. Upande mmoja nguruwe, mbele ya jaji, wilaya, na akina mama wenye tepe. Upande mwingine mapenzi, na kitabu chake kizima hakikuwa na mapenzi hata ukurasa mmoja. Akanyooka, uso umeng'aa, machozi mapya. Hata hivyo ni mtu wa utaratibu, kila jambo kitabuni mwake lina shahidi, isipokuwa mambo yote. Akatangaza kwamba shangazi yake ametoboa siri nzito aliyoibeba miaka arobaini na mitano, na kwa ajili ya historia aulizwe ilikuwa lini, na nani alishuhudia.

Nikasema Oktoba, 1864. Shahidi sikuwa naye. Nilitaka kumtaja mhubiri wa zamani, marehemu, nikakumbuka daftari lake la ndoa liko kanisani pale nyuma yangu, na yule wa sasa anajua kusoma. Jaji akauliza kama kuna mtu yeyote aliye hai, aliyekuwa huku siku zile.

Wote waligeuka kumtazama Enos, aliyekuwa ameegemea ukuta wa mawe nyuma kabisa. Mimi sikugeuka. Sikuwa na haki. Mtu aliyekaa msituni anatetemeka miaka miwili ili tu asiape kiapo asichokiamini, leo nimtake aape kwamba nilikuwa mke wa nguruwe? Na mimi ndiye niliyemwambia subiri. Niliogopa kuliko nilivyomwogopa daktari.

Nikasikia viatu vyake vinakuja polepole. Mama mmoja wa chama alimnong'oneza mwenzake neno mtoro, kwa sauti ya kutosha. Enos akapita, akasimama karibu na jiwe, kofia mkononi.

"Nilikuwepo," akasema.

Jaji akamtaka aeleze wapi.

"Kijitoni, chini ya shamba la mzee Asahel. Majani ya ile miti ya mihikori yalishageuka manjano. Mhubiri hakuwepo. Walishikana mikono, mmoja akasema maneno yake, mwenzake naye akasema ya kwake. Kisha wakakaa kwenye gogo, kwa sababu Arminda alikuwa anacheka hawezi kusimama."

Nilikuwa nimesahau kwamba nilicheka.

Eugenia akauliza kwa wasiwasi kama ndoa bila mhubiri ni ndoa. Jaji alifurahi kuulizwa jambo analolijua. Akasema kwa sheria ya jimbo letu watu wawili wakikubaliana kuwa mume na mke, wamekuwa mume na mke, mhubiri ni wa kupendezesha tu. Na kwa kuwa Kapteni kaburi lake linafahamika kuwa na kina, desturi ya kilima inajulikana. Mama mwingine, mwalimu wa hesabu, akainua mkono akauliza Kapteni alikuwa anafanya nini kijitoni Oktoba 1864 ikiwa alifia Shiloh mwaka 1862.

Enos akamtazama kwa upole. "Alichelewa kupata habari," akasema.

Vijana wa nyuma walicheka, wakatulizwa. Eugenia hakusubiri swali jingine. Akawaamuru wale wanne wasimamishe jiwe kichwani tu, uzio usubiri, udongo usiguswe mpaka Shangazi atakapouhitaji. Amesema hivyo mbele ya watu mia mbili na jaji. Nikatazama tuta la mama, nikamwambia kimoyomoyo kwamba nakuja, avumilie mpaka baridi.

Hapo ningeridhika. Lakini Eugenia alikuwa ameshatoa daftari na penseli, na akiwa na penseli huwezi kumzuia. Akamgeukia Enos, amelainika kabisa, akamwita mzee wangu, yeye ambaye hajawahi kumwita jina lolote.

"Na Kapteni alikuwa mtu wa namna gani?"

Nilidhani atasema mnono. Enos aligeuza kofia yake mkononi, akaizungusha yote.

"Wa kawaida tu. Maneno mengi. Alimwambia atamsubiri mpaka mama yake apone, hata ikiwa miaka ishirini. Kisha hakusubiri."

"Alikufa, mzee wangu," Eugenia akamrekebisha kwa upole.

"Ndiyo. Lakini alisema atasubiri. Na tangu hapo kila mwaka, siku kama ya leo, anamwona huyu akija peke yake na jembe kuparua kaburi la mama yake. Hajawahi kuinuka kumpokea jembe. Hilo nalo uliandike."

Watu waliguna kwa huruma. Wengine walitoa vitambaa. Walidhani anasimulia mzimu. Mimi moyo ule uliochoka ulinipiga mpaka masikioni. Ningeweza kunyamaza. Kaburi nilishalipata, na mwenye lawama alikuwa ameshajibebesha lawama zote mwenyewe, mbele za watu, kofia mkononi. Ndiyo maana sikuweza.

"Eugenia," nikasema, "andika na langu. Yeye hakukosa. Mimi nilimwambia asubiri mama apone, na nilijua mama haponi. Daktari alishaniambia mwaka ule wa kwanza. Nilimficha. Nilitaka tu, kwa siku zile zote za kubadili mashuka, awepo mtu mahali fulani ananingoja."

Penseli ikasimama. Eugenia akanitazama mimi, akamtazama Enos, akarudi kwangu. Ni binti wa kaka yangu, na kaka yangu alikuwa na mapungufu yake, lakini mjinga hakuwa. Akauma mdomo. Akaniuliza kwa sauti ya chini, bila tepe na bila chama ndani yake, "Niandike yote, Shangazi?"

"Yote."

Enos alikuwa bado amesimama palepale kando ya jiwe, na mimi kwa miguu yangu hii sikuweza kumwendea. Nikasogea kwenye benchi, nikamwachia nafasi. Akaja akakaa.